Mgonjwa wa kisukari afundishwe sindano kwa lugha anayoielewa

Wahenga walisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kwa methali hiyo walimsuta mtu aliyejiletea maumivu kwa mikono yake mwenyewe. Sidhani walimfikiria mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa insulini, ambaye hana budi kujidunga asubuhi na jioni, kila siku iendayo kwa Mungu, ili apate kuiona kesho. Mtu huyo anastahili pole. Zaidi ya pole, anastahili kufundishwa, kwa lugha anayoielewa, jinsi ya kujidunga pasipo kuumia bure.

Nasema haya nikiwa miongoni mwa wahusika. Mimi si daktari wa kutibu watu. Udaktari wangu ni wa isimu, na kazi yangu ni kufundisha chuo kikuu jinsi lugha zinavyofanya kazi. Lakini huu ni mwaka wa sita tangu nianze kutumia insulini, na utafiti wa lugha hunipeleka Lodwar na Kakuma mara kwa mara. Sindano yangu imesafiri nami katika barabara ile ndefu, nami nimeketi na wagonjwa wenzangu wa huko tukazungumza juu ya jambo ambalo wenye afya njema hawalifikirii kamwe: namna ya kupenyeza chuma katika ngozi yako mwenyewe.

Hebu nianze na kosa langu. Siku niliyoandikiwa insulini, katika kliniki ya mji mmoja ulio mbali na Turkana, foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Muuguzi alinionyesha kichupa, akanionyesha bomba, akanigusa tumbo kwa kidole na kuniambia, "Hapa, asubuhi na jioni. Umeelewa?" Nikajibu kwamba nimeelewa. Mtu mwenye shahada ya uzamifu huona aibu kusema hakuelewa.

Siku za kwanza niliumia. Baada ya wiki kadhaa niligundua mahali, kushoto kwa kitovu, ambapo sindano iliingia bila maumivu yoyote. Nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu, nikapafanya pawe mahali pangu pa kudumu. Kwa muda wa karibu miaka miwili sikudunga kwingine. Wakati huo huo sukari yangu ilipanda na kushuka kama mawimbi. Dozi ikaongezwa, ikaongezwa tena, na kila mtu akanishuku kwamba nakula nisivyopaswa.

Ni muuguzi mwingine, mama mtu mzima, aliyeniambia niinue shati. Hakutazama tu, alipapasa kwa vidole vyake, akakuta kivimbe laini chenye ukubwa wa ndimu. Alinieleza kwamba insulini ikitiwa mahali pamoja siku nenda siku rudi, mafuta yaliyo chini ya ngozi hukua na kufanya nundu. Mara nyingi nundu hiyo huwa haina hisia sana, ndiyo maana hupendwa na wagonjwa. Lakini dawa inayotiwa humo haiingii katika damu kwa mpango. Leo huchelewa, kesho hufika nusu, kesho kutwa huja kwa kishindo. "Mwalimu," aliniambia, "mahali pasipouma ndipo panapokudanganya."

Nilipohamia kwenye ngozi nzima, dozi yangu ilibidi ipunguzwe chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa sasa dawa yote ilikuwa ikifanya kazi. Naeleza hili kwa sababu aliye na nundu hapaswi kuhama kwa pupa huku akiendelea na kipimo kile kile cha zamani. Sukari inaweza kushuka ghafla akaanguka.

Basi ikiwa mimi, niliyeweza kuisoma karatasi ya Kiingereza iliyokuwa ndani ya boksi la dawa, nilikosea kwa miaka miwili, itakuwaje kwa asiyejua kusoma, au kwa anayesoma lugha nyingine?

Jibu nililipata ndani ya gari lililokuwa likitoka Lodwar kwenda Kakuma. Niliketi na mzee mmoja wa Kiturkana, mfugaji, ambaye aliniona nikipima sukari kwenye kidole changu, akatabasamu na kunionyesha kijifuko chake. Tulikuwa wa chama kimoja. Tulizungumza kwa Kiswahili chake na Kiturkana changu, vyote viwili vikichechemea. Aliniambia kwamba yeye hujidunga asubuhi tu, ingawa kadi yake ilionyesha asubuhi na jioni. Nilipomwuliza sababu, alijibu kwa uhakika wa mtu mtiifu: "Niliambiwa nisirudie sindano."

Msomaji, tafakari sentensi hiyo. Katika Kiswahili chetu neno sindano hubeba mzigo mkubwa mno. Sindano ni kile chuma chenye ncha. Sindano pia ni bomba zima pamoja na chuma chake. Isitoshe, sindano ni tendo lenyewe la kutiwa dawa, kama tunaposema "amepata sindano mbili". Yule aliyemwelekeza mzee alikusudia kwamba chuma kilichokwisha kutumika kisitumike tena, kwa kuwa ncha hupoteza ukali na utelezi wake, ikaanza kuumiza na kujeruhi ngozi. Mzee alisikia kwamba tendo lisirudiwe siku hiyo hiyo. Matokeo yake ni kwamba chuma alikirudia mpaka kikawa butu, na dawa ya jioni akaiacha. Maneno matatu yaliyokusudiwa kumpunguzia maumivu yalimnyang'anya nusu ya tiba yake na kumwachia maumivu yote.

Nilimsihi arudi kwa waliomwandikia dawa kabla hajaongeza chochote. Kisha nikamwomba anionyeshe anapodunga. Alipapasa tumbo lake jembamba, na hapo palikuwa na nundu, ndugu ya ile yangu. Nilijaribu kumweleza kwa neno ambalo wengi wetu hulitumia, kwamba inafaa "kuzungusha" mahali pa sindano. Akaniuliza iwapo azungushe sindano ikiwa bado imo ndani ya ngozi. Niliona aibu kwa niaba ya taaluma yangu. Ndipo nikamwuliza: mifugo ikilishwa mahali pamoja bila kuhamishwa, inakuwaje? Alicheka, akamaliza somo mwenyewe. Nyasi hufa, alisema, mizizi hung'oka, na mvua ikinyesha hakuna kinachoota. Mfugaji huhama ili malisho yapumzike. Kisha akajigusa tumbo na kusema, "Kumbe hapa pia ni malisho."

Sijawahi kusikia maelezo bora ya jambo hilo, hata kutoka kwa wataalamu. Neno lililohitajika lilikuwa "hamisha". Mtu wa Turkana alilijua kabla insulini haijagunduliwa kule Toronto mwaka wa 1921. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza.

Kakuma kwenyewe mambo ni magumu zaidi. Kambi ile ilianzishwa mwaka wa 1992, na leo ikijumlishwa na makazi ya Kalobeyei ina zaidi ya watu robo milioni. Utasikia Kiturkana cha wenyeji, Kisomali, Kidinka, Kinuer, Kiarabu cha Juba, Kioromo, Kiamhari, Kirundi na Kiswahili cha Kongo, vyote katika matembezi ya asubuhi moja. Nilikutana huko na mama kutoka mashariki ya Kongo ambaye mtoto wake ana kisukari cha utotoni. Kila jioni mtoto hujificha anaposikia neno sindano.

Wala si ajabu. Tazama vitenzi ambavyo Waswahili tunavitumia. Wengine husema kupiga sindano, wengine kuchoma sindano, nasi Wakenya twasema kudunga. Kupiga, kuchoma, kudunga: hakuna hata kimoja kisichotisha. Isitoshe, tumewalea watoto wetu kwa vitisho vya kuwapeleka kwa daktari wakachomwe sindano kila wanapokosa adabu. Halafu mtoto akipatwa na kisukari twamtaka aipokee adhabu ile ile mara mbili au zaidi kwa siku, tena kwa mkono wa mama yake. Nilimshauri yule mama aseme "tutie dawa", asitaje kingine, na amwachie mtoto achague: leo paja la kulia au la kushoto? Mtoto anayechagua hatishiki sawa na yule anayekamatwa.

Lakini maneno matamu bila ufundi hayafai kitu. Sehemu kubwa ya maumivu ya insulini inatokana na mambo madogo ambayo yanaweza kuelezwa kwa dakika tano. Nitayataja kama nilivyofundishwa.

Kwanza, dawa iliyotoka moja kwa moja kwenye jokofu huuma kuliko iliyopoa ikafikia joto la chumba. Ishike kiganjani kwa muda kabla ya kuitumia. Iwapo ni ile yenye rangi ya maziwa, iviringishe polepole kati ya viganja mara kumi na kuipindua mara kumi mpaka ichanganyike. Usiitikise kwa nguvu. Pili, ngozi iliyopakwa spiriti isidungwe ingali mbichi, kwa sababu spiriti ikiingizwa na sindano huwasha. Ingoje ikauke. Maji na sabuni vyatosha kabisa kwa ngozi safi. Tatu, epuka mashina ya nywele, makovu na michubuko. Nne, ingiza sindano kwa mwendo mmoja wa haraka, bila kusitasita juu ya ngozi, kisha sukuma dawa polepole. Ikiwa unatumia kalamu, hesabu hadi kumi kabla ya kuichomoa ili dawa isivuje. Usipasugue baadaye.

Tano ni lile la malisho. Ligawe tumbo katika mashamba manne, ukikaa mbali na kitovu kwa upana wa vidole viwili. Tumia shamba moja kwa wiki, na kila siku sogea upana wa kidole kutoka pale ulipodunga jana. Mapaja nayo yagawe vivyo hivyo. Mara moja kwa wiki papasa kwa vidole. Ukikuta uvimbe, mahali hapo paachwe mpaka daktari apaone.

Sita ni jambo ambalo naona limesahauliwa kabisa katika maelezo yanayotoka ng'ambo. Wafugaji wengi wa Turkana ni watu wembamba. Sindano za mabomba ya kawaida ya insulini ni ndefu kuliko zile za milimita 4 zinazowekwa kwenye kalamu. Katika mwili usio na mafuta mengi, sindano ndefu hupita mafuta ikafika kwenye misuli. Huko huuma zaidi. Tena dawa hukimbia katika damu upesi kuliko ilivyokusudiwa, na sukari inaweza kuporomoka. Mtu wa aina hiyo afundishwe kuinua ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, bila kuikamata misuli, na kuingiza sindano kwa mshazari iwapo ni mwembamba sana. Karatasi iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mnene haiwezi kumfaa bila kutafsiriwa, na tafsiri ninayoizungumzia hapa ni ya mwili pamoja na maneno.

Kuhusu joto, kuna habari njema ambayo haijawafikia wengi. Huko Lodwar na Kakuma joto la mchana hufikia nyuzi 35 au zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka, na nyumba nyingi hazina umeme wala jokofu. Wapo wagonjwa wanaotembea kwenda kituo cha afya kila siku ili wadungwe, kwa kuwa wameambiwa dawa haiwezi kukaa nyumbani. Mwaka wa 2021, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walitangaza matokeo ya uchunguzi uliotokana na vipimo vya joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab. Ilionekana kwamba insulini ya kawaida iliyokaa wiki nne katika joto lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 haikupoteza nguvu zake kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa.

Hii haimaanishi dawa iachwe juani au ndani ya gari lililofungwa. Mtungi wa udongo unaowekwa ndani ya mwingine, katikati kukiwa na mchanga uliolowa, hupoza vizuri mno mahali penye hewa kavu kama Turkana, kwa maana maji yanapokauka huondoka na joto. Mabibi zetu walipoza maji ya kunywa kwa njia hiyo hiyo. Mgonjwa anayeweza kuweka dawa nyumbani hujidunga kwa utulivu, kwa wakati wake, wala si kwa haraka ya foleni.

Jambo moja zaidi halitafutiwi dawa katika ufundi. Mwaka 2025 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Kakuma ulipunguzwa vibaya. Insulini iliyopimwa kwa ajili ya mtu anayekula ni hatari kwa mtu aliyelala njaa. Tusimfundishe mgonjwa kudunga vizuri bila kumwambia afanye nini siku ambayo sufuria ni tupu, na daktari wake ndiye anayepaswa kumpa jibu hilo mapema.

Nafahamu nitakavyojibiwa. Wauguzi ni wachache, wagonjwa ni wengi, na lugha ni nyingi mno. Hoja hiyo ina uzito, wala sitaki kuwalaumu wauguzi wanaofanya kazi ya watu watatu. Lakini kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 chasema kwamba mgonjwa aelezwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa, na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Hiyo ni sheria ya nchi. Na sehemu kubwa ya yale ninayoyataka haihitaji fedha nyingi.

Mgonjwa asiulizwe "umeelewa?" kwa kuwa sote tutajibu ndiyo. Aambiwe, "Nionyeshe." Achukue bomba, ainue ngozi yake, adunge mbele ya muuguzi, na aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyofanya kesho. Kila anaporudi kliniki, tumbo na mapaja yake yapapaswe kabla dozi haijaongezwa. Laiti ningefanyiwa hivyo, ningeokoa miaka miwili.

Hali kadhalika, maelezo yasemwe badala ya kuandikwa tu. Redio kama Akicha ya Lodwar husikika hadi kwenye manyatta ambako karatasi haifiki. Simu ya mkononi yaweza kubeba sauti ya dakika tano kwa Kiturkana, kwa Kidinka au kwa Kisomali. Wagonjwa wenye uzoefu, kama yule mzee wa malisho, wapewe nafasi ya kuwafundisha wapya. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walikabidhiwa vifaa vya kazi nchini mwaka wa 2023, nao wafundishwe kupapasa nundu. Na wataalamu wa lugha tuliojaa vyuoni, ambao tumezoea kubishana juu ya istilahi ndani ya kumbi zenye vipaza sauti, tutoke tukasaidie. Tukubaliane na wauguzi kwamba chuma kiitwe "ncha", kifaa kiitwe "bomba", na tendo liitwe "kutia dawa". Hapo "usirudie ncha" haitakuwa na maana mbili.

Mwisho, serikali ya kaunti na mashirika yanayohudumu kambini wahakikishe kwamba kichupa cha insulini hakitolewi bila ncha za kutosha. Kumpa mtu dawa ukamnyima ncha mpya ni sawa na kumpa shamba ukamnyima jembe. Ncha zilizotumika nazo zitiwe ndani ya chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko na kurudishwa kliniki, kwa maana watoto wa Kakuma hucheza pekupeku.

Kila tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua insulini, dunia huadhimisha siku ya kisukari. Patakuwa na hotuba, fulana na vipimo vya bure. Ningefurahi kama mwaka huu, pale Lodwar na pale Kakuma, angalau muuguzi mmoja atakaa chini na mgonjwa mmoja, amwambie kwa lugha ya mama yake, "Nionyeshe unavyojitia dawa," kisha apapase kwa vidole. Mwiba wa kujidunga utabaki kuwa mwiba. Lakini anayeudunga ili aishi aambiwe pole, na afundishwe.